Waliosimama Nyuma ya Kiti

Baba mkwe wangu hakulia siku tulipomzika mkewe. Alisimama wima kwenye jua la Houston, tai imemkaba shingo, akawashukuru watu mmoja mmoja kwa kuja. Alilia baadaye sana, jikoni kwake, nilipomwonyesha kwenye simu yangu picha ya ukuta uliobomoka katikati ya malisho ya ng'ombe huko Ayalandi. Haukuwa ukuta wa maana. Ulikuwa rundo la mawe lililoota kuvu na miiba, ng'ombe mmoja amesimama kando anatafuna.

"Hapo ndipo tulipofukuzwa," alisema, na machozi yakamdondokea kwenye sahani ya mayai.

Nilimshika bega nikalia naye. Nataka hilo lijulikane kabla sijaeleza hasira yangu. Nililia naye, na sikujilazimisha.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Fort Worth. Tunaishi Euless, karibu na uwanja wa ndege, ambako ukiwa kwenye simu unanyamaza kidogo ndege ipite, halafu unaendelea na maneno yako. Mume wangu ni mzaliwa wa Texas, Mzungu, kitinda mimba wa mzee huyu. Tulikutana kazini, tukafunga ndoa Dallas mbele ya Wakenya wengi na Wamarekani wachache, na tuna binti mmoja aliye darasa la nne. Mzee alikuwa mhandisi wa mabomba ya mafuta kabla ya kustaafu. Alipofiwa, nyumba ilimwelemea. Kila tukimpigia simu tulisikia televisheni tu nyuma yake, na mara nyingi alikuwa hajala. Kwa hiyo alipoanza kutafuta asili ya ukoo wao, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Nilimwambia mume wangu, "Mwache atafute. Heri awaulizie wafu kuliko kukaa akiitazama ile televisheni."

Alichokijua mwanzoni kilikuwa kidogo. Babu zake walikuwa wakulima wa Ayalandi, walifika Texas kujenga reli, kisha wakalima pamba ya watu wengine. Basi. Alijiunga na tovuti za nasaba, akatema mate kwenye kichupa akayatuma yakapimwe vinasaba, akajaza ukuta wa chumba cha kulia kwa karatasi zilizounganishwa kwa nyuzi nyekundu. Tatizo lilikuwa majina. Katika ukoo ule kila mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu yake, na majina yenyewe yalikuwa matatu tu yakizunguka, kizazi baada ya kizazi. Karibu mwaka mzima alifuata familia nyingine kabisa yenye jina lile lile, parokia ya pili kutoka kwao. Ilikuwa na nyumba kubwa ya mawe, bustani na kaburi lenye malaika. Akaipenda. Akaanza kutuambia sisi tulitoka kwa watu wenye nyumba kubwa.

Aliyemtoa kwenye ndoto hiyo ni binamu wa mbali aliyempata kupitia yale mate. Alikuwa mwanamke wa umri wake, hajawahi kuolewa, anayefuga ng'ombe na kondoo peke yake upande wa magharibi wa Ayalandi, kwenye shamba la babu yake. Walipigiana simu mara ya kwanza nikiwa Houston kwa wikendi. Mzee alishikilia simu, akasikiliza, akakunja uso, kisha akanigeukia.

"Sisikii hata neno moja. Anaongea Kiingereza kweli?"

Niliichukua simu. Nilisoma shule ya bweni iliyoendeshwa na masista wa Kiayalandi, na lafudhi ile nimekaripiwa nayo tangu nikiwa msichana mdogo. Nilimwelewa binamu bila shida yoyote.

"Anasema ile nyumba kubwa si yenu," nilimwambia mzee. "Wale walikuwa Waprotestanti. Nyinyi mlikaa upande wa pili wa mto, kwenye matope."

Binamu alicheka, mimi nikacheka, na mwishowe mzee naye akacheka. Tangu siku hiyo nikawa mkalimani wa Kiingereza kwa Kiingereza. Kila Jumapili alasiri, baada ya kanisa, mzee alinipigia, nami nikaunganisha simu na Ayalandi, sote watatu tukawa kwenye laini. Binamu alizungumza huku akiwapa ndama maziwa, na tulisikia ndoo zikigongana. Alikwenda makaburini na brashi ya kusugulia sufuria, akakwangua kuvu kwenye mawe, akatusomea kilichobaki. Alikwenda kwa padri akaomba kuangalia vitabu vya ubatizo. Akawauliza wazee wa pale, wale ambao bado walijua ni nani aliishi kwenye kila kipande cha malisho kabla ya njaa ya viazi.

Tukaipata habari yote, polepole. Babu wa baba yake baba mkwe alikuwa mpangaji tu kwenye ardhi ya kabaila ambaye hakuwahi hata kumwona. Viazi vilipooza alishindwa kulipa. Wakaja watu wa kabaila na gogo refu lililoning'inizwa kwa minyororo, wakalibembeza likagonga nyumba mpaka paa la nyasi likaporomoka. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga. Walilala mtaroni, wamejifunika mlango wao wenyewe. Mtoto alifariki. Baadaye baadhi yao walipanda meli, wakashukia New Orleans, wakaja mpaka huku Texas. Ndugu mmoja alibaki, akahifadhiwa na wakwe zake, na kizazi chake ndicho kilichokuja kupata shamba alilo nalo binamu sasa.

Niliyatafsiri maneno hayo yote. Nililitafsiri gogo, nikautafsiri mtaro. Nilipofika kwenye habari ya mlango ilinibidi ninyamaze kidogo, na safari hiyo hakukuwa na ndege iliyopita.

Mzee akabadilika. Akawa na hasira mpya, hasira safi iliyomrudishia rangi usoni. Kwenye meza ya Sikukuu ya Shukrani alisimama na glasi mkononi akatuhutubia kuhusu ardhi. Mtu asikwambie ardhi ni udongo, alisema. Wakikutoa kwenye ardhi yako wamekutoa duniani. Na alitaka sote tukumbuke jina la kabaila yule, tulitaje kwa uchungu, hata binti yangu ambaye alikuwa anatafuta nafasi ya kuongezewa pai.

Siku hiyo, tukiosha vyombo, nilimsimulia habari za kwetu. Nilimwambia kwamba baba wa babu yangu alikuwa na shamba kwenye mgongo wa kilima, kwenye nchi ya baridi, na kwamba aliambiwa siku moja si lake, limepewa setla, mlowezi wa Kizungu. Nilimwambia babu na nyanya yangu waliishi ujana wao kama maskwota kwenye ardhi hiyo hiyo, wakimlimia mwingine ili waruhusiwe kupanda mboga zao. Nilidhani namletea kitu. Mtu akikuonyesha kidonda chake nawe unacho kama hicho, unamwonyesha chako, mnakaa pamoja.

Aliufuta mkono kwa taulo akasema kwa upole kabisa, "Naelewa. Lakini yenu ilikuwa tofauti kidogo, sivyo? Kule walijenga reli, shule, hospitali. Kulikuwa na maendeleo."

"Na kabaila wenu hakujenga barabara?"

"Hiyo si sawa na hii," alisema, akaendelea kukausha glasi.

Niliacha. Nilijiambia ni mzee, amefiwa, anatafuta kitu cha kushika. Huwa tunajiambia mengi ili chakula kiliwe kwa amani.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mwezi wa tatu. Tulikuwa Houston, simu iko mezani imewekwa spika, mzee na daftari lake, mimi namenya machungwa. Mzee alimuuliza binamu kama babu yake alikuwa na ndugu wengine, maana kwenye mti wake wa ukoo kulikuwa na tawi lililoishia hewani. Binamu akasema ndiyo, alikuwepo kaka mkubwa. Alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza, jambo ambalo nyumbani halikupendwa. Vita vilipokwisha hakurudi. Alipewa shamba Kenya.

Nililisikia neno hilo likipita kwenye spika kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

"Anasema alipewa shamba Kenya."

"Kenya!" Mzee alipiga meza kwa kiganja, machungwa yakaruka. "Kenya! Umesikia? Tulikuwa huko! Familia yetu ilikuwa huko kabla hujazaliwa!" Aliinuka, akanizunguka, akanibusu utosini. Sijawahi kumwona na furaha ile. Alimwita mume wangu kutoka uani, akamwita binti yangu. "Sisi na nyinyi tulikuwa pamoja tangu zamani," alisema. "Hii ni kazi ya Mungu."

Niliisogelea simu. "Alipewa na nani?"

Kule Ayalandi ndoo zilinyamaza. "Na serikali, nadhani," alisema binamu. "Waliwapa askari. Sijui zaidi. Babu alisema aliandika kwamba kule juu kuna baridi na ukungu, kama nyumbani."

"Mwulize kama ana picha!" mzee alipaza sauti.

Alikuwa nayo moja. Ikafika kwa posta baada ya muda, na mzee akaipeleka dukani ikakuzwe ikawa kubwa kama mlango wa kabati. Mimi sikuiona wakati huo. Nilikuwa kazini, zamu juu ya zamu, na kusema kweli nilikuwa nakwepa kwenda Houston. Mume wangu aliniuliza kama kuna kitu. Nikasema nimechoka.

Mkutano wa ukoo ulifanyika mwanzo wa kiangazi, kwenye ukumbi wa parokia ya mzee. Tuliondoka Euless alfajiri. Njiani binti yangu, kutoka kiti cha nyuma, alituambia ameshaamua ataandika nini kwenye kazi ya kambi yake ya kiangazi, ile ya kueleza mahali familia ilikotoka. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba atasema familia yetu ilikuwa na shamba kubwa Kenya.

"Nani alikwambia hivyo?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Babu," akasema. Babu huyo ni baba mkwe.

Nilimtazama mume wangu. Aliikazia macho barabara, ingawa mbele yetu hakukuwa na gari lolote.

Ukumbi ulijaa. Walikuja watu kutoka Beaumont, San Antonio, hata wengine kutoka Oklahoma, wote na fulana za kijani zenye jina la ukoo. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyobanikwa kwa moshi, maharage, na mahindi. Ukutani walikuwa wametundika mti wote wa nasaba, umechapwa kwenye kitambaa, na lazima niseme ulikuwa mzuri. Nililiona jina la yule mtoto aliyefia mtaroni, nikaligusa. Niliyaona majina niliyoyatafsiri mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili.

Kando yake, kwenye fremu yake, ilikuwa ile picha.

Mwanamume amekaa kwenye kiti cha ukili barazani, miguu ameitanua, kofia pajani. Mkewe amekaa karibu naye. Mbwa mkubwa amelala miguuni pao. Na nyuma ya kiti, kwenye kivuli cha paa, wamesimama watu weusi, wanaume na wanawake na msichana mmoja aliyeshika beseni. Mwanamume mmoja ana kipande kimemning'inia shingoni, kile kijisanduku cha bati walichovalishwa wanaume wa wakati ule kikiwa na karatasi zao, kama kengele ya mbuzi. Wote wanatazama kamera. Chini yake mzee alikuwa amechapisha maelezo aliyoyakuta nyuma ya picha: jina la mwanamume, jina la mkewe, jina la mbwa. Kisha, "pamoja na wafanyakazi wa shamba."

Nilisoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Mbwa alikuwa na jina, jina zuri tu. Msichana mwenye beseni hakuwa nalo.

Sijui niliwaza nini. Wale hawakuwa watu wangu hasa. Hakuna anayejua shamba lile lilikuwa wapi, na nchi ile ya juu ni pana. Lakini nyanya yangu alikuwa na paji la uso kama la yule msichana, na alikuwa akisimama vile vile, uzito wote kwenye mguu mmoja.

Baada ya chakula mzee alichukua kipaza sauti. Alieleza habari ya gogo na mtaro, na watu wakalia, kama alivyostahili kuliliwa yule mama na mtoto wake. Akamtaja kabaila, wakazomea. Kisha akageukia picha, sauti yake ikachangamka. Alisema mmoja wetu hakukubali kushindwa, alikwenda mbali akaitiisha nchi ya porini. Watu wakampigia makofi yule wa kwenye kiti. Halafu akasema kwa bahati ya Mungu tuna binti wa nchi hiyo hiyo hapa kati yetu, daraja letu, naye atasema machache.

Hakuwa ameniambia. Nilikuwa na sahani mkononi. Mtu akaipokea, mwingine akanipa kipaza sauti.

Nilisema, "Asanteni kwa chakula. Nimeombwa niseme kuhusu Kenya. Baba wa babu yangu alikuwa na shamba. Siku moja aliambiwa si lake, ni la serikali, na serikali ikampa mzungu aliyetoka vitani. Baba amewaeleza vizuri sana jinsi mtu anavyojisikia akiambiwa hivyo, kwa hiyo sitarudia. Mmeambiwa nchi ile ilikuwa pori. Haikuwa pori. Ilikuwa mashamba yetu. Sasa nawaomba mtazame mbwa huyu, jina lake limeandikwa hapa chini. Halafu mtazame hawa waliosimama nyuma ya kiti. Mtu mmoja aniambie jina la mmoja wao, halafu nitakaa."

Mashine ya barafu ilikuwa ikinguruma pembeni. Niliwasubiri kweli, sikufanya kwa mbwembwe. Nilitaka jina.

Mzee alikuja akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, si kwa nguvu. "Leo si siku ya siasa," alisema. "Leo ni siku ya familia."

Nilirudi kwenye kiti. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akanisogelea akaninong'oneza, "Alikuwa mkulima tu, mpenzi. Alikuwa maskini aliyetafuta maisha."

"Na kabaila naye alikuwa mwenye nyumba tu," nilimjibu. Hakuniongelesha tena siku hiyo.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu aliingia kituo cha mafuta karibu na Huntsville, akazima gari, akakaa. Binti yetu alikuwa amelala.

"Ungeweza kungoja," alisema. "Ungemwambia faraghani."

"Nilimwambia faraghani. Nilimwambia tukiosha vyombo. Akanieleza maendeleo."

"Ni mzee."

"Nyanya yangu naye alikuwa mzee. Alikufa hajawahi kuwa na karatasi ya shamba lolote. Hakuna aliyemkodia ukumbi."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili. Baadaye akasema, taratibu, "Niliona jina la mbwa wiki mbili zilizopita. Nililiona nikanyamaza." Sikujua nimshukuru kwa kusema au nimpige kwa kunyamaza. Nilishuka nikanunua maji.

Mzee hakupiga simu Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Mimi nilimpigia Mama, Kenya. Mama ni mwenyekiti wa kina mama kanisani kwake, mtu wa kupatanisha watu, nami nilitarajia aniambie nikaombe radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kunisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia yote kwa mkupuo mmoja. Nyanya alianza kuchuma pareto akiwa mdogo kuliko binti yangu, kikapu kimefungwa kiunoni, na nyapara akiona maua yenye mabua marefu anayamwaga yote chini. Ng'ombe wa babu walipozidi idadi aliyoruhusu setla walichukuliwa. Na maskwota walipokataa masharti mapya, waliletewa askari. Paa la nyumba ya nyanya lilivutwa kwa kamba, nyasi zikachomwa moto mbele yake, mtoto yuko mgongoni. Walitembea kwa miguu mpaka kwa watu wa ukoo ambao nao hawakuwa na nafasi.

"Kwa nini hukuniambia zamani?" nilimuuliza.

"Ulikuwa unasoma. Nilitaka usome. Na huyo baba mkwe wako, ameomba msamaha?"

"Bado."

"Basi mimi ni mama wa kanisa, lakini nakwambia hivi: usiharakishe. Mheshimu, mpikie akija, lakini usiharakishe."

Binamu wa Ayalandi alinipigia mwenyewe, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza bila mzee kwenye laini. Kuna aliyemtumia video ya mkutano. Alizunguka kidogo na habari za mvua, kisha akasema kuna jambo angepaswa kulisema siku ile. Nyumba anayoishi ilikuwa na paa la nyasi mpaka kaka yule alipotuma fedha kutoka Kenya. Ndizo zilizoezeka paa la mawe bapa lililopo mpaka leo, na ndizo zilizonunua malisho ya pili.

"Paa lililo juu ya kichwa changu lilitoka kwenu," alisema. "Nimelala chini yake maisha yangu yote. Sijui nifanye nini na hilo."

"Hata mimi sijui," nilimwambia. Nilimheshimu kwa kusema, lakini sikumwambia si kitu. Ni kitu. Ndama wake walipoanza kulia, tukaagana.

Tulirudi Houston mwishoni mwa kiangazi kwa sababu mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji mdogo wa jicho na alihitaji mtu wa kumtilia dawa. Mimi ndiye muuguzi, nani mwingine angekwenda? Nilimpikia wali na kuku, nikamtilia dawa, tukazungumza kuhusu jicho. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye chumba cha kulia, ambako sasa ile picha ilikuwa imetundikwa.

"Nimerekebisha," alisema.

Nilisogea nikasoma. Jina la mwanamume lilikuwepo. La mkewe lilikuwepo. "Pamoja na wafanyakazi wa shamba." Alikuwa amemwondoa mbwa.

Nilicheka, kicheko kibaya ambacho sikukijua kama ninacho. "Baba, mbwa hana kosa. Sikuomba umtoe mbwa."

"Sasa ulitaka nini?" Alikuwa anapiga kelele, na jicho moja limefunikwa. "Niambie! Siyajui majina yao! Nitayatoa wapi? Nani aliyeyaandika?"

"Umetafuta jina la kichanga aliyefia mtaroni mpaka ukalipata. Ulimtuma mwanamke wa watu makaburini na brashi. Kwa hawa hujauliza hata swali moja. Hujaniuliza hata mimi shamba linaweza kuwa upande gani. Hujaniuliza jina la nyanya yangu. Nimekuwa mkweo miaka yote hii, Baba, nimekutafsiria ukoo wako wote, na hujui jina la nyanya yangu."

Alikaa kwenye kiti. Nikamwona amezeeka ghafla, na sikufurahi, lakini pia sikufuta neno langu hata moja. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hatukumfukuza.

"Andika kwamba hujui," nilisema. "Andika kwamba ardhi hii ilikuwa ya watu, na hujui ni kina nani."

"Hiyo itaharibu mti," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi uharibike."

Hakuandika siku hiyo. Aliniuliza jina la nyanya yangu, nikamwambia, akajaribu kulitamka, akakosea, nikamsahihisha, akakosea tena. Aliniuliza alikuwa na ndugu wangapi. Nikamwambia hayo atamuuliza mama yangu, Jumapili, na aandae maswali kwa adabu, kwa sababu mama yangu hapendi kupotezewa muda. Akasema sawa. Hakuomba msamaha. Aliuliza kama kuku amebaki, na nikaenda kumpashia, bado nimekasirika.